Ahsante Mama, Mungu Akuzidishie

Kwa kuwa mpiga dumbaki wangu ameshasambaza sauti ya dakika nne inayodai kwamba Jumamosi nilipigwa kandambili harusini na nikakimbia mpaka Darajani bila ya gitaa, nimeona ni lazima niandike mwenyewe, tena leo, kabla sauti hiyo haijavuka kwenda Pemba. Hakuna aliyenipiga. Gitaa niliondoka nalo. Yaliyobaki, kwa masikitiko makubwa, ni ya kweli, na mengine yeye hakuyaona kwa sababu alikuwa amejificha nyuma ya spika.

Mnaonifuatilia mnaijua kazi yangu: natunga mwenyewe, narikodi mwenyewe chumbani nikiwa nimeegemeza godoro dirishani ili honi za vespa zisiingie, na jioni nawaimbia watalii Shangani, ambao hupiga makofi kwa adabu hata pale ninapokuwa bado nakaza nyuzi. Jambo moja tu lilikuwa limenipita: sijawahi kutunzwa, yaani kupewa pesa na wasikilizaji huku naimba. Katika kisiwa hiki cha Unguja, kilichomtoa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri kwa Kiswahili, mwimbaji ambaye hajatunzwa ni sawa na mvuvi ambaye hajawahi kulowa. Basi mama wa bwana harusi aliponiita nikaimbe ukumbini kwao, akanilipa nauli na nusu ya ujira kabisa, nilinyoosha shati langu mara mbili.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa dau la ami yangu wa Mkokotoni. Nasisitiza: dau. La mbao. Kila mwaka ami hulipaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa yanayonuka mtaa mzima, na kila mwaka linavuja vile vile. Ubeti wenyewe ni huu, na ngama ni pale chini ya chombo maji yanapojikusanya:

Kwa nje linapakwa sifa, ndani ngama imejaa,
Tanga jipya laficha ufa, na mbao zimechakaa.

Nilipofika hapo, shangazi wa bibi harusi aliinuka. Alikuja kwa madaha, hatua moja mbele na nusu hatua pembeni, noti ya elfu mbili ikipepea hewani, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imeshughulika na gitaa aliipachika katika mfuko wa shati. Moyo wangu ulifunguka kama mwavuli. Nikaurudia ubeti. Wakainuka wawili, kisha wanne, vigelegele vikapaa, na mfuko ulipojaa wakaanza kuzitumbukiza noti katika tundu la gitaa. Niliona, lakini sikuzingatia, kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akinitazama mimi. Wote walikuwa wameelekeza shingo kwenye kiti cha mbele, alikoketi mama wa bwana harusi katika gauni jipya jeupe, pana, lililotandazwa vizuri.

Kina bibi mnaosoma, nawaomba msicheke mapema. Najua mlishafahamu tangu neno “tanga”. Mimi, niliyelelewa na bibi aliyekuwa akinisimulia jinsi Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun, vikundi vya taarabu vya wanawake, walivyokuwa wakijibizana kwa nyimbo zisizotaja jina la mtu, nilisahau kwamba anayetunza mara nyingi hamtunzi mwimbaji: anaununua ubeti na kumpelekea mtu. Na mimi nilikuwa nauza bila ya kujua nina duka.

Ubeti huo niliurudia mara sita. Mara ya sita nilifumba macho, kama nifanyavyo ninapotaka watu wajue kwamba naguswa. Ghafla vigelegele vilikatika. Nikajiambia, sasa wimbo umewaingia. Dumbaki nayo ikanyamaza, nikajiambia kwamba hata mpigaji wangu analia. Nikasikia harufu ya udi ikikaribia, na mchakacho wa kitambaa kipana, kisha vidole vikaingia taratibu katika mfuko wa shati langu. Vilikaa humo kwa muda. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini anayetia pesa anachukua muda mrefu hivyo, na kwa nini mfuko, badala ya kuzidi uzito, unazidi kuwa mwepesi. Mimi nilisogeza kifua mbele ili kumrahisishia. Kisha, macho yangu yakiwa bado yamefumbwa, nikasogea kwenye maikrofoni na kusema kwa sauti ya unyenyekevu iliyofika mpaka barabarani:

“Ahsante mama, Mungu akuzidishie.”

“Amin,” sauti ikajibu kwenye maikrofoni ile ile.

Nikafumbua macho. Mama wa bwana harusi alikuwa amesimama mbele yangu akizihesabu noti zangu, akizilaza moja baada ya moja kwenye kiganja, bila ya haraka, na ukumbi mzima ukimsubiri amalize. Alipomaliza alinitazama kwa upole wa kutisha.

“Mwanangu,” akasema, “hilo dau bovu ndilo lililokulipa nauli.”

Nilijaribu kueleza habari za ami na Mkokotoni. Msijaribu kueleza habari za mbao kwa mtu aliyevaa tanga. Wimbo nimeusajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa jina langu kamili, kwa hiyo hata kuukana sikuweza. Kaka wa bwana harusi akachomoa waya, nikarudisha ile nusu ya ujira, tukakimbia kwa bodaboda mpaka Darajani, ikaisha. Usiku nilizivua kwa kitana noti zilizobakia katika tundu la gitaa: shilingi elfu kumi na nne, utunzo wangu wa kwanza, na nusu yake anaidai mpiga dumbaki.

Asubuhi hii ami amepiga simu kutoka Mkokotoni. Sauti imeshamfika. Kandambili hakuiulizia kabisa. Anachotaka kujua ni nani aliyesema dau lake linavuja.