Giaboksi Imehukumiwa Bila Kupimwa

Kinachonikera kwa baadhi ya mafundi wetu hapa Mtwara ni kutoa hukumu kabla ya kupima. Nikitoka Mikindani, gari langu la otomatiki liligoma kubadili gia huku taa ya betri ikiwaka, na fundi, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa ameniuzia betri mpya, akatamka kwamba giaboksi imekufa, bila hata kufungua boneti. Nilipoazima mita ya kupimia umeme, betri ilisoma volti 12.1 injini ikinguruma, ilhali altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, ikiwa nzima kwa kawaida huifikisha kwenye 14 hivi. Umeme ukishuka mno, kompyuta ya giaboksi huweza kujihami kwa kung'ang'ania gia moja. Kumbe kichwa cha waya wa altaneta kilikuwa kimeota kutu ya kijani, nikakisafisha kwa kipande cha msasa.