Tetemeko lijalo: king'ora au mkaguzi?

Kila likipita tetemeko kubwa la ardhi, hoja mbili hurudi mezani. Moja inataka fedha ziende kwenye ving'ora, mazoezi ya kujiokoa na elimu kwa umma, kwa kuwa hayo huwafikia watu wengi kwa muda mfupi. Nyingine inataka kanuni za ujenzi zisimamiwe kikamilifu, hata ikibidi kazi isimamishwe na nguzo zivunjwe. Ya kwanza inapendwa. Ya pili huchukuliwa kuwa urasimu wa kuwakamua wananchi, na hapo ndipo tunapokosea.

Tazama mwaka 2010. Januari 12, Haiti ilikumbwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0. Februari 27 ikawa zamu ya Chile, safari hii ukubwa wa 8.8, yaani nishati iliyozidi ile ya Haiti kama mara 500. Chile ilipoteza watu zaidi ya 500 kidogo, wengine wakichukuliwa na tsunami. Haiti, hata ukishika makadirio ya chini kabisa, ilizika makumi ya maelfu, na serikali yake ilitaja zaidi ya 200,000.

Ulinganisho huu una kasoro zake, na anayeupinga asikilizwe. Kitovu cha tetemeko la Haiti kilikuwa kilomita 25 hivi tu kutoka Port-au-Prince, tena kwenye kina kifupi. Cha Chile kilikuwa baharini na chini zaidi. Chile pia ina uwezo mkubwa zaidi wa kifedha. Yote hayo ni kweli, na yanapunguza uzito wa ile "mara 500". Lakini ondoa umbali, ondoa kina, ondoa hata utajiri, bado pengo ni kubwa mno. Haiti haikuwa na kanuni za ujenzi za kitaifa. Chile ilikwisha kuonja tetemeko la Valdivia la mwaka 1960, lenye ukubwa wa 9.5, ambalo hadi leo halijapimwa lingine kulizidi. Kutokana na mapigo kama hayo ilijitungia kanuni, na baadaye sheria inayomfanya mmiliki wa kwanza aliyeliuza jengo awajibike kwa miaka 10 nguzo na kuta zake zikionekana na kasoro. Jengo la Alto Río huko Concepción, lenye ghorofa 15, lilipoanguka na kuua watu 8, wahusika walifikishwa mahakamani. Anayejenga akijua atatafutwa hujenga tofauti.

Maandishi peke yake hayatoshi, na Uturuki ni ushahidi mchungu. Tetemeko la İzmit la mwaka 1999 liliua zaidi ya watu 17,000, kanuni zikakazwa. Mwaka 2018 serikali ikatoa msamaha kwa majengo yaliyokiuka taratibu: mwenye jengo alilipa ada, akahalalishiwa. Februari 6, 2023, ardhi ikatetemeka tena, na zaidi ya watu 50,000 walikufa nchini humo, wengi wao chini ya vifusi vya majengo ya ghorofa, yakiwemo mapya. Kanuni nzuri ilikuwepo kabatini. Katika mkoa wa Hatay, uliopigwa vibaya siku hiyo, mji wa Erzin haukuripoti kifo wala jengo lililoanguka. Meya wake alisema hakuruhusu ujenzi holela. Wanajiolojia wakajibu kwamba mji umekaa juu ya ardhi ngumu. Huenda wote wana haki, lakini kuchagua ardhi ngumu nako ni kazi ya anayetoa kibali.

Hoja nzito ya wanaopinga usimamizi mkali wa kanuni ni umaskini. Kanuni kali huongeza gharama, asiye nazo hujenga gizani bila kibali, na mkaguzi mwenye njaa hugeuka mla rushwa. Sipingi. Ila tuangalie kinachodaiwa hasa. Katika nguzo ya zege, nondo za wima hufungwa kwa ringi, yaani vyuma vyembamba vilivyokunjwa kuzizunguka. Ncha za ringi zikikunjwa pembe mraba tu, jengo likitikisika zege la nje humeguka, ringi hufunguka na nondo hupinda. Ncha hizohizo zikiingizwa ndani kwa nyuzi 135, zikashika kiini cha nguzo, nguzo inaweza kupasuka vibaya na bado ikabeba ghorofa iliyo juu yake hadi watu watoke. Tofauti ni urefu mdogo wa chuma na dakika chache za fundi aliyefundishwa. Huo si mzigo wa kumfilisi mtu.

Ving'ora navyo vina heshima yake. Mexico ina mfumo ambao, tetemeko likianzia pwani ya Pasifiki, huipa Mexico City karibu dakika nzima. Lakini Septemba 19, 2017, saa mbili hivi baada ya zoezi la kitaifa la kukumbuka maafa ya tetemeko la 1985, tetemeko lilianzia karibu zaidi, na king'ora kikalia wakati mitikisiko imeshaanza. Zaidi ya majengo 40 yalianguka, mengi yakiwa ya kabla ya kanuni mpya. Chile nayo inatoa funzo la upande huo: mamlaka zilikosea kuhusu tsunami, na wengi wa pwani walinusurika kwa sababu walijua kukimbilia mlimani bila kungoja tangazo. Maji hayazuiwi na ringi.

Basi mafunzo yaendelee, hasa pwani na ndani ya majengo ya zamani ambayo hatutayavunja yote kesho. Kwa majengo hayo ningeanza na shule, hospitali, na yale ambayo ghorofa ya chini imeachwa wazi kwa maduka au magari, ikibaki na nguzo tu bila kuta za kuzisaidia. Kwa majengo mapya, mkaguzi apewe siku moja isiyorukwa: siku ya kabla zege halijamwagwa, ringi zikiwa bado zinaonekana. Fundi asimwage bila sahihi yake, na jina la aliyetia sahihi libaki wazi kwa kila atakayenunua au kupanga humo.