Makambi ya Villa Park

Mimi ni Msabato wa kuzaliwa kutoka Upare, milima ambayo Waadventista waliifikia mwaka 1903, na katika kwaya yetu ninaimba besi. Nayataja haya mawili mapema kwa sababu la kwanza ndilo lililonitia matatani na la pili ndilo lililonizuia nisitoke.

Juni 2025 mwajiri wangu alinipeleka Birmingham, Uingereza, kwa mafunzo ya wiki sita, na nikapangishiwa chumba kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akiishi peke yake baada ya kufiwa na mkewe. Miaka arobaini ya mashine za kiwandani ilikuwa imemwachia masikio ya kubahatisha. Kiingereza changu kilikuwa cha vitabuni na chake kilikuwa cha Birmingham, kwa hiyo katika kila maneno matatu tuliyosemezana, moja lilifika salama na mawili yalipotelea njiani.

Asubuhi ya kwanza alinikaangia nyama ya nguruwe na kunimiminia chai ya rangi nzito. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba nguruwe sili na chai ya majani sinywi, na alipotaka kujua sababu nikachagua neno moja nililoamini kwamba hata masikio yake yangelipokea.

"Mzee, mimi ni wa Sabbath."

Aliweka kikaango chini. "Wewe? Sabbath?"

"Tangu kuzaliwa."

"Na wazazi wako je?"

"Baba, mama, babu na bibi. Kijiji kizima, Mzee."

"Kijiji kizima," alirudia, macho yakimlengalenga, kisha akaketi na kuniambia kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo kwamba hata Geezer hali nyama kabisa. Huyo Geezer nilimchukulia kuwa mzee wa kanisa aliyeshika vema mafundisho yetu ya afya, na nikafurahi kusikia habari zake.

Msomaji atajiuliza kwa nini sikushtuka pale aliposema jina lote, "Black Sabbath." Sikushtuka kwa sababu nilikuwa nimeelezwa nyumbani kwamba katika miji ya Uingereza Wasabato wengi ni watu wenye asili ya visiwa vya Karibi, na hivyo jina lile nililifasiri papo hapo: Sabato ya Weusi. Siku ya tatu nikiwa ndani ya basi katika barabara ya Broad Street niliona daraja lenye jina hilohilo, na juu yake benchi refu lenye picha za nyuso nne. Zote nne zilikuwa za Wazungu. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo na kufikiri, lakini mimi nilimshukuru Mungu kwamba katika mji huu ubaguzi umekwisha kiasi cha Sabato ya Weusi kuanzishwa na Wazungu wanne na manispaa ikaipa daraja.

Jioni zilizofuata Mzee alinifundisha historia ya kanisa.

Lilianza mwaka 1968, alisema, katika mtaa wa Aston, kwa vijana wanne wa familia za wafanyakazi: Tony Iommi, Geezer Butler, Bill Ward na Ozzy Osbourne, ambaye aliwahi kuajiriwa machinjioni. Tony alikuwa na umri wa miaka 17 wakati mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, siku ambayo ilikuwa ya mwisho kwake kazini, na kwa kuwa anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vya kubania nyuzi. Msimamizi wake alimletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyetumia vidole viwili tu baada ya kuungua moto, na kijana akajipa moyo, akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akajifinyangia vikofia vya vidole. Nilisema "Amina." Ushuhuda wa namna ile kwetu ungetosha Sabato nzima, pamoja na sadaka.

Kisha akaniambia kwamba sahani yao ya kwanza waliirekodi kwa siku moja tu, mwezi Oktoba 1969. Hilo nililielewa bila kufafanuliwa, kwa kuwa kwaya yetu nayo ilirekodi kanda nzima kwa siku moja, tena umeme ukikatika mara mbili. Aliitoa sahani hiyo katika jalada lake, akaiweka, akashusha sindano. Ilisikika mvua ikinyesha, radi kwa mbali, na kengele ya kanisa ikigonga polepole. Nilifumba macho. Wakati huohuo simu ya Mzee ikaita, naye akainua sindano na kwenda kuongea na mwanawe kwa nusu saa. Laiti simu ile ingechelewa dakika moja, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Sikupungukiwa na dalili za mashaka, lakini kila moja niliipatia maelezo. Aliponiambia kwamba baba yake Ozzy aliwachongea wote misalaba ya kuvaa shingoni, niliguna, maana sisi hatuna desturi ya vidani, ila nikasema kila konferensi ina mazoea yake. Aliponieleza kwamba katika albamu ya tatu, ya mwaka 1971, Tony alilegeza nyuzi ili zisimwumize vidole, na gitaa likashuka nusu toni tatu na kuwa zito kuliko lolote lililowahi kusikika, niliona busara ya mtu anayejali waimbaji wa besi. Alijaribu hata kunihumia msingi wa wimbo wao wa kwanza: nota moja, kisha ileile juu zaidi, kisha ya tatu inayodondokea mahali ambapo mwalimu wetu wa kwaya angesimamisha mazoezi na kuuliza nani amekula nini. Nilimsamehe kwa sababu ya masikio yake. Sasa najua kwamba aliipatia sawasawa, na kwamba pengo lile la toni tatu wanamuziki wa zamani wa Ulaya walilipa jina la shetani.

Mwaka 1972, akaendelea kwa huzuni, walikwenda Los Angeles kutengeneza albamu ya nne, na huko wakaharibiwa na unga mweupe. Nilitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Kwetu tunahimizwa kula dona, na nimewaona kwa macho yangu wazee wa kanisa walioporomoka kiafya kwa kung'ang'ania sembe.

Sura iliyomliza hasa ilikuwa ya mwaka 1979, wakati Ozzy alipofukuzwa kwa sababu ya ulevi. Nilidhani nasikiliza habari za mchungaji aliyeondolewa kundini. Mahali pake akaingia Ronnie James Dio, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na mwaka 1980 wakatoa kazi iliyoitwa Heaven and Hell, ambayo mimi nilijua bila kuuliza kuwa ni mfululizo wa mahubiri. Mzee alikiri kwamba Dio alikuwa mwimbaji bora, lakini alikuwa na nung'uniko: Ozzy alipenda kuimba akiifuata njia ya gitaa, mguu kwa mguu, ilhali Dio alikata njia yake mwenyewe juu ya gitaa, na kwa hiyo muziki wote ukapanuka na kupaa. "Ukawa mzuri zaidi," alisema, "lakini haukunitisha tena." Nilimwambia kwamba mafundisho makali hayapendwi siku hizi, naye akanishika mkono kwa nguvu.

Habari za popo ndizo pekee zilizonikosesha usingizi. Ozzy, akiwa amejitenga na kundi, mwaka 1982 alirushiwa popo na shabiki katika mji wa Des Moines huko Marekani, akadhani ni wa mpira, akamng'ata kichwa. Usiku ule nilifungua Walawi 11, na kweli popo yumo, mstari wa 19, miongoni mwa ndege walio machukizo. Niliona wazi kwamba kumtenga mtu na ushirika ni jambo la kufanywa kwa uangalifu, maana aliyefukuzwa kwa pombe, baada ya miaka mitatu amefika kwenye popo.

Miaka iliyofuata Mzee aliipitia haraka, waimbaji wakiingia na kutoka kama wachungaji wa uhamisho, Tony Iommi peke yake akibaki nguzo. Nakumbuka tu kisa cha mwaka 1983, walipotaka jukwaa lipambwe kwa mfano wa Stonehenge, yale mawe ya kale yaliyosimamishwa huko Uingereza, vipimo vya futi vikasomwa kama mita, na mawe yakaja makubwa hata hayakuenea majukwaani. Nimewahi kukaa katika kamati ya ujenzi wa kanisa, hivyo sikuona ajabu. Mwaka 1997 Ozzy na wenzake wa mwanzo walipatana, na mwaka 2017 bendi ikaaga hapohapo Birmingham, lakini mpiga ngoma Bill Ward hakuwamo. Sasa, alisema Mzee, wote wanne wangekutana kwa mara ya mwisho uwanja wa Villa Park, palepale Aston, na mapato yangekwenda kwa hospitali ya watoto, kituo cha kuwahudumia watoto wasio na matumaini ya kupona, na mapambano dhidi ya Parkinson, maradhi yanayomsumbua Ozzy mwenyewe. Mwanawe alikuwa amepata dharura ya kazi na tiketi moja ilikuwa imebaki.

"Ni lini, Mzee?"

"Tarehe 5 Julai. Jumamosi."

Nilicheka kwa furaha. Ingekuwa siku gani nyingine? Mkusanyiko wa siku nzima, uwanjani, siku ya Sabato, wenye michango ya hisani: kwetu hayo huitwa makambi, na sijawahi kukosa makambi.

Nilivaa suti ya kijivu na tai nyekundu, nikachukua Biblia na kitabu cha Nyimbo za Kristo. Mzee alikuwa amevaa fulana nyeusi iliyopauka. Aliniangalia kutoka viatu hadi tai, akameza mate, na hakusema neno. Njiani tulikutana na maelfu ya watu, wote weusi kwa mavazi, wengine wenye ndevu za kufika kifuani, nami nikahitimisha kwamba ni sare ya idara ya vijana, ingawa vijana wenyewe wengi walikuwa na mvi. Langoni niliwatakia watu Sabato njema kwa Kiingereza. Waliitika kwa kishindo kikubwa kuliko mwitikio wowote nilioupata katika maisha yangu ya ushemasi, wakainua mikono, kidole cha shahada na kidole cha mwisho vikiwa vimesimama. Niliwarudishia ishara ile kwa adabu. Kabla sijafika kwenye kiti changu nilikuwa nimepigwa picha na watu wasiopungua ishirini, kila mmoja akitaka Biblia ionekane.

Nilifungua Nyimbo za Kristo, nikasubiri kutangaziwa namba.

Iliyotangulia kupanda jukwaani ilikuwa bendi ya Mastodon kutoka Marekani. Sitaki kutia chumvi, kwa hiyo nitasema tu kwamba nilidhani jukwaa limeanguka na aliyeshika kipaza sauti analilia msaada. Nilisimama ili nikasaidie. Watu elfu arobaini nao walikuwa wamesimama, na hakuna aliyekuwa akienda kusaidia. Nilimpigia Mzee kelele sikioni, "Mchungaji yuko wapi?" naye, akiwa amesikia anachojua yeye, akanionyesha kwenye skrini uso wa mmoja wa wale wanne wa kwenye benchi, amejipaka wanja, akicheka. Hapo ndipo historia yote ya kanisa, tangu sabuni ya vyombo hadi sembe, ilipopita mbele yangu upya ikiwa na maana yake halisi: haikuwa ya kanisa, ilikuwa ya bendi ya muziki mzito wa roki.

Ningeweza kutoka. Nilihesabu magoti ya kuruka na yalikuwa zaidi ya thelathini, na Mzee alikuwa ameushika mkono wangu kama mtoto aliyepelekwa sokoni. Tena, nakiri, kulikuwa na besi. Sijawahi kuisikia besi ikipita kwenye nyayo na kupanda hadi kifuani. Bendi baada ya bendi, Metallica na Slayer na nyinginezo, iliingiza nyimbo za Sabbath katikati ya zake, na kufikia alasiri nilikuwa nimeanza kuitambua ile nota inayodondokea pasipofaa, nikawa naingojea kama mtu anayengoja mgeni asiyempenda lakini mwenye maneno matamu. Mchana kutwa nilitazama angani, kwa kuwa Sabato hukoma jua linapotua, ila jua la Julai la Birmingham halitui hadi karibu saa tatu na nusu usiku.

Ozzy aliinuliwa kutoka chini ya jukwaa akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi chenye popo juu yake, umri miaka 76, mwili umedhoofika na macho yamejaa furaha. Wenzake watatu wa mwanzo walipokuja baadaye, walipiga nyimbo nne tu. Katika Iron Man umati haukungoja maneno, uliimba gitaa lenyewe, na kwa kuwa gitaa lile liko chini kabisa na pembeni yangu watu walikuwa wanalikosea, nililazimika kuwasahihisha. Mzee aligeuka kunitazama. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, alikuwa amenisikia vizuri.

Nyumbani nilimweleza yote polepole, nikimwandikia kwenye karatasi pale sauti iliposhindwa. Alisoma mara mbili.

"Kijiji kizima?" aliuliza.

"Kijiji kizima, Mzee, lakini ni Sabato nyingine."

Alicheka mpaka akaomba maji, kisha akaniomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa kwa kuniharibia Jumamosi. Mama yangu aliponipigia kuuliza kama nilihudhuria ibada, nilimjibu kwamba nilikwenda makambini na watu walikuwa wengi mno, na alipouliza habari za mhubiri nikasema ni mzee mgonjwa aliyehudumu akiwa ameketi. Alisema tumwombee. Tukamwombea.

Tarehe 22 Julai Ozzy alifariki dunia. Tarehe 30, siku ambayo msafara wa maziko ulipangwa kupita Broad Street na kusimama kwenye lile daraja, niliomba ruhusa ya msiba darasani, na mkufunzi akanipa pole na kuuliza marehemu ni ndugu yangu kwa upande gani. Nilisema ni upande wa Sabbath. Niliporudi nyumbani kumchukua Mzee nilivaa fulana nyeusi niliyonunua jana yake kwa kumheshimu, nikapanda ngazi kumwita, nikamkuta anashuka akiwa amevaa suti ya kijivu, tai nyekundu, na mkononi ameshika Biblia ya marehemu mkewe.

Tulisimama katikati ya ngazi, tukatazamana kutoka viatu hadi shingo. Hapakuwa na muda wa kubadili nguo. Basi lilikuwa linafika.