Wamormoni na ukumbi wao wa basketi: pati zilienda wapi?

Ukiingia kanisa la Wamormoni hapa Utah, Marekani, siku ya Jumapili, mbele unaona mimbari na meza ya sakramenti, kawaida tu, ila geuka nyuma utaona mlango mpana wa kukunja, na siku watu wakijaa ule mlango unafunguliwa na viti vinaendelea mpaka ndani ya uwanja wa basketi. Sitanii. Goli mbili, mistari sakafuni, upande mmoja jukwaa la kuigizia, na chini ya jukwaa kuna matoroli marefu yamejaa viti vya kukunja. Mimi nimekaa na hawa watu mtaa mmoja miaka sita sasa, si muumini wao lakini naalikwa, na kitu kilichonichanganya tangu mwanzo ni kwamba ukumbi upo, mkubwa, msafi, na siku nyingi umefungwa.

Desemba iliyopita nilienda dina ya Krismasi ya kata. Ndio, wanaita kata, usharika mmoja ni kata na kata kadhaa ni kigingi, askofu wa kata ni jirani yako tu fundi umeme au mhasibu, halipwi kitu. Meza za plastiki, nyama ya nguruwe ya kuoka, na vile viazi vya jibini ambavyo wenyewe wanaviita viazi vya msiba kwa sababu hakuna mazishi vikakosa. Muda wa saa moja na nusu, kwisha, watu wanakunja viti. Mzee niliyekaa naye akasogeza kiti kwa mguu akanionyesha mstari chini ya meza, akasema hapo ndipo alipovunjwa pua ujanani, mechi ya kata kwa kata, na aliyemvunja ndiye huyo huyo aliyefungua mechi kwa sala. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema watoto wake wote walicheza humu ndani, wajukuu hata mmoja hajacheza.

Sasa hiyo ndiyo ishu nataka tuiangalie, maana malalamiko haya nayasikia sana kwa waumini wa umri wa kati kwenda juu, kwamba kanisa zamani lilikuwa maisha na sasa limebaki vikao. (Najua 2018 rais wao wa wakati huo Russell M. Nelson aliomba watu waache jina la Mormoni, waseme Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nawaheshimu, ila nikiandika hivyo kila mstari hatumalizi leo.)

Kwanza ieleweke kwamba starehe kwao haikuwa kitu cha kuvumiliwa tu, ilikuwa ndani ya dini yenyewe. Januari 1847 wako kambini Winter Quarters, njiani kwenda magharibi, wamefukuzwa Illinois, watu wanakufa kwa baridi na maradhi, kiongozi wao Brigham Young anatoa ufunuo ambao mpaka leo uko kwenye maandiko yao, Mafundisho na Maagano sehemu ya 136, na katikati ya maelekezo ya msafara wa magari ya ng'ombe kuna mstari unasema ukiwa na furaha msifu Bwana kwa kuimba, kwa muziki, kwa kucheza. Kufika 1862 Salt Lake, mji walioujenga hapa Utah, haina hata reli lakini ina jumba la maigizo. Vyama vya vijana vikaanza, wasichana 1869, wavulana 1875, na ndani ya hivyo vyama ndiyo yakakua yale yote wazee wanayoyalilia, dansi ya mwaka ya dhahabu na kijani ambayo watu walishona magauni kwa ajili yake, mashindano ya hotuba na kwaya, na ligi ya basketi iliyoanzia kwenye kata na vigingi ikapanda mpaka fainali Salt Lake, ikitajwa kuwa kubwa kuliko ligi yoyote ya basketi duniani.

Na roadisho. Hii nimeipenda kuliko zote. Kila kata inatunga mchezo wake wa muziki wa dakika kumi na kitu, mwalimu wa shule anaandika maneno, fundi seremala anatengeneza mandhari, mama mmoja ana piano, halafu usiku mmoja makundi yote yanapanda magari na kuzunguka, mkimaliza kuigiza jengo hili mnakimbilia lile na mapambo juu ya pikapu, nyie mnatoka wengine wanaingia. Ndiyo maana ikaitwa hivyo, shoo ya barabarani. Wanaosimulia wanakubali zilikuwa mbovu, hakuna anayekumbuka mchezo hata mmoja, wanachokumbuka ni nani alikuwa nao kwenye gari.

Sasa nani aliua? Hakuna siku moja ya kuua, ilipunguzwa kidogo kidogo. Kuanzia 1961 Harold B. Lee, mmoja wa mitume wao, aliongoza mpango walioupa jina la uratibu, kuweka vyama vyote chini ya ukuhani, yaani uongozi wa wanaume, na kila kitu kifanane kote. Fainali za basketi za kanisa zima zikafutwa 1971. Machi 1980 mikutano iliyokuwa imesambaa wiki nzima, watoto siku yao, akina mama siku yao, Jumapili asubuhi na tena jioni, ikabanwa yote kwenye masaa matatu ya Jumapili. Januari 1990 ikaja bajeti mpya Marekani na Kanada, nitaieleza hapo chini. Mwishoni mwa 2019 wakaachana na Skauti baada ya zaidi ya miaka 100 pamoja, mwaka huo huo ibada ikashuka kutoka masaa matatu hadi mawili, na ile shoo kubwa ya kilima cha Cumorah kule New York, iliyokuwa ikichezwa tangu 1937, ikachezwa mara ya mwisho. Kuna picha moja inasema yote: pale Salt Lake kulikuwa na jimu ya kanisa, Deseret Gymnasium, ikabomolewa 1997, na kwenye eneo hilo sasa pana jumba la mikutano la watu 21,000. Palipokuwa pa kutoa jasho pamekuwa pa kukaa na kusikiliza.

Ukiishia hapo utasema viongozi ni wauaji wa furaha, ila tuwe wakweli, wana hoja, na moja ni nzito kuliko wanavyoieleza wao wenyewe.

Hesabu kwanza. 1947 waumini walikuwa milioni moja, wengi wakiishi milima hii, leo wamepita milioni 17 na tangu 1996 walio nje ya Marekani ni wengi kuliko walio ndani. Mfumo wa roadisho unataka kata kumi zilizo jirani, utaupeleka vipi kwenye tawi, yaani usharika mdogo, la watu 30 wanaokodi chumba juu ya duka? Ukiacha Utah wacheze na wengine wasicheze unakuwa na makanisa mawili, moja la wenye ukumbi na lingine la wasio nao.

Halafu hela. Kabla ya 1990 muumini alitoa zaka yake, asilimia kumi, na bado kata ilimpangia kiasi cha bajeti ya pati na kambi, juu ya hapo minada, keki za kuuza, chakula cha kuchangia. Kwa mwenye watoto saba na mshahara mmoja ile ilikuwa kodi ya pili, na aibu pia, maana mtoto wa fulani anaenda kambi na wa fulani haendi. Mabadiliko ya 1990 yalisema zaka inatosha, makao makuu yanarudisha fungu kwa kila kata kulingana na mahudhurio, tajiri na maskini sawa. Hiyo ni haki, sina namna ya kuipinga.

Na akina mama. Wazee wanaposema tulikuwa na pati kila mwezi, hiyo "tulikuwa" inaficha nani aliosha masufuria. Kushona mavazi arobaini ya dansi, kufundisha watoto Jumatano mchana, bazaa ya Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama (chama cha wanawake wa kanisa), yote yalisimama juu ya mgongo wa mwanamke aliye nyumbani, na nyumba nyingi hapa siku hizi zinahitaji mishahara miwili. Jirani yangu mmoja, mama wa miaka sabini na kitu, nilimuuliza kama anazikumbuka zile enzi, akaniambia anakumbuka miguu inauma.

Hoja nyingine ya viongozi ni familia, kwamba tunawarudishia muda mkae na watoto wenu, tangu 1970 Jumatatu ni jioni ya familia nyumbani, kanisa likae pembeni. Hii naipokea nusu. Muda ulirudishwa kweli, lakini nenda uone ulikwenda wapi, nyumba ina watu sita kila mmoja na simu yake, na mtoto anapelekwa ligi ya kulipia huko mjini akacheze na watoto wenye hela kama yeye.

Upande wa pili sasa, na hapa ndipo wengi wanakosea kidogo kwa maoni yangu, wanadhani kilichopotea ni burudani. Burudani iko tele Marekani. Kilichopotea ni mlango wa pembeni. Kanisa lenye ibada tupu lina mlango mmoja, unaamini unaingia, huamini unakaa nje. Basketi ilikuwa na mlango mwingine kwa mume ambaye mkewe ndiye muumini, kwa kijana aliyeanza kuvuta sigara kisirisiri lakini anajua akikamatwa hachezi, kwa jirani kama mimi. Yule aliyevunjwa pua hakuwa mtu wa maombi sana wakati ule, alikaa kanisani miaka kumi kwa ajili ya mpira, imani ikamkuta palepale. Leo kijana wa namna hiyo, mwenye mashaka, anapewa nini zaidi ya darasa jingine la kumuuliza kama anaamini?

La pili ni ile bajeti niliyoisifia. Ilileta haki ila ilichukua ufunguo. Kata ikizuiwa kuchangisha (wameruhusiwa mara moja kwa mwaka hivi, kwa ajili ya kambi ya vijana) basi haina chake, inasubiri fungu, na fungu likiwa dogo pati inakuwa ya saa moja na nusu. Ile bazaa ya akina mama, pamoja na maumivu yote ya miguu, ilikuwa hela yao na wao waliamua itumikeje. Na ugumu wa kuwaeleza watu habari ya kubana matumizi umeongezeka tangu 2019, alipojitokeza aliyekuwa mfanyakazi wa mfuko wa uwekezaji wa kanisa, Ensign Peak, akisema una karibu dola bilioni 100, na 2023 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ikawapiga faini ya jumla ya dola milioni 5, mfuko na kanisa, kwa jinsi walivyoficha hisa hizo. Muumini anayekuja Jumamosi kusugua choo cha kanisa kwa zamu, maana wasafishaji wa kulipwa nao walipunguzwa, akisikia bajeti ya pati haitoshi unategemea asemeje?

Kwetu Afrika Mashariki habari hii inachekesha kidogo kwa sababu kanisa hili lilipata kibali Kenya 1991, mwaka mmoja baada ya ile bajeti. Yaani Mkenya alipokea toleo lililokwisha kupunguzwa, hakuwahi kuona roadisho wala ligi, akaambiwa kanisa ndivyo lilivyo. Tena akaambiwa harambee hapana! Mkikuyu, Mluhya, harambee hapana. Ukilinganisha na Wakatoliki na jumuiya zao ndogo ndogo, au Walutheri wa Tanzania na mashindano ya kwaya, sare zimeshonwa, basi limekodiwa kwenda Dodoma, unaona kwamba dini inaweza kukua sana Afrika bila kuacha kucheza, tena kwa michango ya watu wasio na kitu. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba maskini hawawezi, mimi naona ina shimo. Maskini wanaweza, ila wataifanya kwa namna yao, na makao makuu yanayotaka kila kata ifanane hayapendi namna yao.

Kuwatendea haki, hawajakaa kimya kabisa, kuna kambi za vijana za siku tano wanaziita FSY (kifupi cha For the Strength of Youth), watoto wanazipenda kweli, wanarudi wamepoteza sauti. Lakini hiyo imepangwa juu, unaenda na watu usiowajua, unarudi. Haikufanyi umjue fundi bomba wa mtaa wako.

Kwa hiyo nikiulizwa, kurudisha mambo ya 1965 sitaki, yale yalilipwa na akina mama na watoto wa maskini walioachwa nyumbani. Ningebakiza fungu la sawa kwa wote, halafu ningeruhusu kata ijichangishe ya ziada na iamue yenyewe, hata kama kata moja itafanya taarabu na nyingine itafanya mnada wa ng'ombe. Viongozi wataogopa kutofautiana, na hofu yao naielewa, kata yenye madaktari itakuwa na pati nono kuliko ya wabeba mizigo. Bora hivyo kuliko zote mbili kukunja viti saa mbili na nusu usiku.

Na tayari inaanza bila ruhusa ya mtu. Siku za Jumanne jioni pale kanisa la mtaani kwangu Utah kuna watu wanacheza pikoboli ukumbini, ule mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu, wamebandika mistari yao ya utepe juu ya ile ya basketi. Haukutangazwa kanisani, hauna kamati, mzee mmoja ana ufunguo. Wiki iliyopita nilihesabu kumi na wanne, watatu sijawahi kuwaona Jumapili, na mmoja wa hao alikuwa na harufu ya sigara, akapewa kibao.