Lori Haliendi kwa Maji

Wiki hii nimetumiwa tena ile video ya lori linalotoa mvuke badala ya moshi, yenye maelezo kwamba malori ya kesho yanatumia maji. Aliyenitumia ni mzee mwenye trela mbili za Mombasa hadi Malaba, naye aliuliza: "Mwanangu, dizeli ndiyo basi?" Bado, mzee wangu. Maji ndiyo yanayotoka. Kinachoingia ni haidrojeni, na haidrojeni haichotwi mtoni.

Kinachoniudhi ni kwamba hesabu yake haihitaji shahada. Septemba 2023, Daimler Truck, kampuni ya malori ya Ujerumani, iliendesha lori la majaribio kutoka mji wa Wörth hadi Berlin, kilomita 1,047, kwa matangi yaliyojazwa kilo 80 za haidrojeni ya kimiminika. Ni kazi safi ya kihandisi. Lakini kupata kilo moja kwa kutenganisha maji kwa umeme hula uniti 50 za umeme (kilowati-saa) au zaidi, na kuipoza hadi nyuzi 253 chini ya sifuri huongeza uniti 10 hivi. Zidisha kwa 80: uniti 4,800. Lori la betri la uzito sawa na lile hutumia takriban uniti moja na robo kwa kilomita, kwa hiyo safari ileile, hata ukihesabu umeme unaopotea wakati wa kuchaji, haifiki mbali na uniti 1,500. Mvuke uleule wa ardhini unaozalisha umeme Olkaria, basi, unafikisha shehena tatu kwa betri na moja kwa haidrojeni, nasi tunaombwa tupige makofi!

Nakubali, shingo upande, kwamba betri ya tani kadhaa hula nafasi ya mzigo na kwamba mizani ya kupimia malori ya Mariakani haina huruma. Kujaza haidrojeni nako ni haraka kuliko kuchaji. Kuhusu Nikola, kampuni ya Marekani ya malori ya haidrojeni, ambayo lori lake kwenye video yake ya matangazo lilikuwa likiteremka mlima tu, na ambayo iliomba kinga ya kufilisika Februari 2025, sina la kuongeza.

Mkakati wa Kenya wa haidrojeni ya kijani, yaani inayotengenezwa kwa umeme safi, uliozinduliwa mwezi uleule wa safari ya Berlin, ulitanguliza mbolea, na hapo waandishi wake walitumia akili: mbolea ya naitrojeni huhitaji haidrojeni, haitengenezwi kwa betri, ilhali lori huendeshwa kwa betri. Wenye malori wangefaa kuuliza ni nani atakayeweka chaja zenye nguvu kwenye vituo vya malori vya Mtito Andei na Salgaa, na uniti moja itauzwa shilingi ngapi usiku.