Saa tunazo, tunazikalia benchini

Swali la kwanza tulilopewa darasani lilikuwa hili: kwa nini unadunga dozi hiyo ya insulini unayodunga? Tulikuwa wanane, wote wa kisukari aina ya kwanza, kile ambacho kongosho limeacha kutengeneza insulini. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha alikuwa na miaka 30 na ushei katika ugonjwa huu, mimi nilikuwa na 11. Tukatazamana. Jibu lilikuwa moja kwa wote: kwa sababu niliandikiwa.

Barua ya kuniita kwenye darasa hilo ilikuja mara mbili. Ya kwanza niliitupia drooni. Nimejidunga maelfu ya sindano, nani anifundishe? Huku Uingereza ninakoishi wengi hufanya hivyo hivyo: nafasi ipo, haina malipo, na mtu haendi. Nalisema hili mapema ili msidhani nakuja kuwasifia ughaibuni.

Niligunduliwa nyumbani nikiwa na miaka 17. Nililazwa siku tisa, nikatoka na chupa za insulini, mabomba ya sindano na karatasi ya makatazo. Yuniti kadhaa asubuhi, kadhaa jioni, ule kwa saa, usiguse hiki wala kile. Ndiyo elimu yote niliyopewa. Mwaka wa tatu nikapatwa na homa na kutapika. Watu wangu, kwa mapenzi yao yote, wakasema: hujala, basi usidunge, sukari itashuka. Ukiisikia unaona ina akili. Siku ya pili nilikuwa nahema kama mtu aliyekimbizwa, pumzi inanuka kama matunda yaliyochacha, na hospitali wakanitundikia dripu. Kumbe mwili ukiugua sukari huweza kupanda hata tumbo likiwa tupu, na insulini ikikosekana mwili huanza kuchoma mafuta, damu ikajaa asidi. Kwa mtu wa aina ya kwanza, insulini ya msingi, ile ya kufanya kazi taratibu mchana na usiku, haiachwi hata siku asiyokula. Unapima mara nyingi zaidi, unakunywa maji, na ukiendelea kutapika unawahi hospitali. Maneno ya dakika moja. Miaka mitatu nilihudhuria kliniki na hakuna aliyenitamkia.

Darasa lenyewe lilichukua siku tano. Mtindo wake ulianzia Düsseldorf, Ujerumani, kwa kina Michael Berger, halafu Waingereza wakauchukua na kuuita DAFNE. Majaribio yao yalichapishwa mwaka 2002: kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kilishuka, hali mbaya za sukari kushuka hazikuongezeka, na watu wakawa huru zaidi katika kula. Unafundishwa kukadiria wanga ulio kwenye sahani yako na kulinganisha insulini na sahani. Mimi kwa miaka 11 nilikuwa nafanya kinyume, nalinganisha tumbo na sindano. Nala bila njaa kwa sababu nimeshadunga.

Wa aina ya pili nao wana darasa lao, DESMOND, la saa sita tu, kwa waliogunduliwa karibuni. Utafiti wake wa mwaka 2008 hausemi miujiza: baada ya mwaka mmoja HbA1c haikutofautiana kwa maana na ya wale ambao hawakusoma. Ila waliosoma walipungua uzito zaidi, wengi zaidi waliacha sigara, na waliuelewa ugonjwa wao. Nalitaja hilo kwa ajili ya wenzangu wa huku wanaoongea kana kwamba ukishakaa darasani kongosho linafufuka.

Kitu kilichonigusa zaidi hakikuwa hesabu. Siku ya tatu yule mzee wa dirishani alifungua daftari lake la vipimo, akalisukuma katikati ya meza, akasema kurasa hizo zote alizijaza usiku mmoja, jana yake kabla ya kumwona daktari. Tukaliangalia. Wino mmoja, mwandiko mmoja, namba zinapanda na kushuka kwa adabu. Nilicheka mpaka machozi, kwa sababu nyumbani nilikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mimi nilikuwa nabadilisha kalamu, hata nadondoshea ukurasa tone la maji uonekane umetumika. Nani angepeleka namba za kweli akagombezwe mbele ya foleni? Siku hizi kuna vihisi vya kubandika mkononi, huo ufundi umekufa. Lakini daftari la uongo lilikuwa linasema kweli moja: mgonjwa amekuja kukwepa hukumu, hakuja kujifunza.

Hapo ndipo nyumbani pananiuma. Mwaka jana nilirudi, nikamsindikiza shangazi kliniki. Ana kisukari cha aina ya pili, miaka 19 sasa, sita ya mwisho kwa insulini. Tulifika alfajiri, tukaonana na daktari baada ya zaidi ya saa nne, na tukakaa naye dakika saba. Nilizihesabu. Nesi aliyempima alitazama namba, akamuuliza kwa sauti ya kufika mwisho wa ukumbi, "Mama, umekula nini wewe?" Shangazi akainamisha kichwa kama mtoto. Yuniti zikaongezwa, mwingine akaitwa. Simlaumu nesi huyo sana, alikuwa peke yake na ukumbi mzima ukimsubiri. Wala simsamehe yote.

Wale watu wa benchini wana saa ngapi? Saa nne nne, kila wanaporudi kliniki. Kliniki mbili zinapita urefu wa DESMOND nzima. Huku Uingereza shida ni kumtoa mtu kazini aje darasani, nyumbani darasa limeshakaa, limebeba kadi zake mkononi, limekodolea mlango macho. Nesi mmoja aliyeandaliwa, au mgonjwa mzoefu aliyefunzwa, akisimama mbele ya benchi nusu saa kuzungumzia vidonda vya miguu tu, kisha kliniki ijayo kuzungumzia sukari ikishuka, tungekuwa na kitu ambacho huku wanakitafuta kwa barua na hawakipati.

Najua mtakachoniambia. Elimu bila vipimo itasaidia nini? Huku vijiti vya kupimia nalipiwa na serikali, nyumbani mtu anavinunua mwenyewe na anahesabu kila kimoja. Ni kweli, na asiye na insulini hafundishiki akapona. Darasa lisitumike kuficha rafu tupu za dawa. Ila mwenye vijiti vichache ndiye anayehitaji zaidi kujua avitumie lini. Kupima kila asubuhi kabla ya kula hukupa habari ile ile kila siku. Ukipima kabla ya mlo na saa mbili baada yake, leo mchana, siku nyingine usiku, unaanza kuona ni mlo upi unaokurusha. Na kukagua nyayo kila jioni kwa kioo, au kwa macho ya mjukuu, hakuhitaji kijiti.

Kwa upande wa watu, nyumbani panaizidi Uingereza. Huku nilishawahi kuamka saa tisa usiku nimelowa jasho, mikono inatetemeka, mashine inasoma 2.6, sukari imeshuka mno, na chumbani hakuna wa kumwita. Niliramba sukari sakafuni jikoni nikisubiri zile dakika 15 nipime tena. Nyumbani nisingeramba peke yangu. Lakini watu hao hao ndio walioniambia nisidunge. Ndiyo maana kuniita mimi peke yangu darasani naona ni kasoro ya huku: anayepika na anayelala chumba cha pili wangekuwa kwenye kiti cha pembeni.

Tuliporudi kutoka kliniki nilimwomba shangazi anionyeshe anapodunga. Akapandisha nguo kidogo, kushoto chini ya kitovu. Palikuwa na nundu kama nusu ya yai, laini, haiumi. "Hapa ndipo pamezoea, mwanangu, sisikii sindano kabisa." Nilikumbuka kipande cha mpira walichotupitishia darasani, tukifinye tujue nundu hizi zinavyoshikika: ni mafuta yanayojikusanya ukidunga pahala pamoja, na insulini ikiingia humo hunyonywa ovyo, leo kidogo, kesho nyingi. Yuniti zilikuwa zikiongezwa kila mwaka kulishinda nundu. Nikamfundisha kuzunguka: tumbo kulia, mapaja, kila sindano mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Nikapanda ndege nikijiona profesa.

Siku ya tisa akanipigia. "Shikamoo shangazi," nasema, naye haitikii. "Hiyo mizunguko yako nusura inizike." Usiku sukari ilikuwa imeshuka, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka, bahati binti wa jirani akamnywesha maji ya sukari. Kosa langu. Ukihama kutoka kwenye nundu kwenda kwenye ngozi nzima, insulini inafanya kazi sawasawa, kwa hiyo dozi hupunguzwa, tena kwa kumwuliza daktari. Hilo pia tulifundishwa. Mimi nikabeba nusu ya somo.

Alirudi kliniki, dozi ikapunguzwa. Jumapili iliyopita ananisimulia kwamba wakiwa benchini, kabla mlango haujafunguliwa, amewafanya akina mama wanne waliokaa naye wajipapase tumboni chini ya kanga. Watatu wamekuta nundu. Nesi akatoka kuuliza wanacheka nini.