Msaada wa Ajali Usigeuzwe Upelelezi
Tangu tarehe 31 Machi 2018, kila aina mpya ya gari dogo inayoidhinishwa katika Umoja wa Ulaya lazima iwe na mfumo wa eCall, ambao ajali kubwa ikitokea hupiga wenyewe simu ya dharura ya 112 na kutaja gari lilipo. Kwa hilo sina ugomvi, maana sheria inakataza mfumo huo kulifuatilia gari mfululizo. Kinachoniudhi ni huduma za ziada za watengenezaji, ambazo huweza kukusanya safari na mwendo wa dereva mchana kutwa, huku ridhaa yake (eti ridhaa!) ikizikwa ndani ya masharti marefu yasiyosomwa na mtu, na namna ya kuzizima ikifichwa kana kwamba gari bado ni la kiwanda.